Mdomo wa Mkubwa Huchongwa Mwisho

Paukwa!

—Pakawa!

Ndiyo sauti hiyo? Hamjanywa uji? Paukwa!

—Pakawaaa!

Punje?

—Ya chungu!

Gunzi?

—La moto!

Ulimi?

—Wa bibi!

Na mikono?

—Yetu!

Basi kila mtu avute ungo wake. Mahindi haya ni ya mbegu, hayajipukuchui yenyewe, na mimi simsimulii mtu aliyekunja mikono. Wewe Tunu, hindi hilo umelishika tangu nilipokaa. Unalipukuchua au unalibembeleza? Haya, twende.

Zamani, wanyama walipokuwa bado wanaamkiana asubuhi, palikuwa na kijiji kando ya mto, kikiitwa Kindukwe. Mkuu wa kijiji alikuwa Kiboko. Kiboko huyu alikuwa na tumbo. Msicheke, kila mtu ana tumbo, lakini yeye alikuwa nalo kama watu wengine wanavyokuwa na ng'ombe: alilitembeza, aliwaonyesha wageni, na kijiji kizima kililitafutia malisho.

Kindukwe walikuwa na ghala moja la mbegu. Kila mavuno, kila nyumba ilipeleka humo kapu moja la mtama, likangoja mvua. Mbegu hailiwi, hilo kila mtu alilijua. Hata mwaka wa njaa watu walijifunga vitambaa tumboni, wakaiacha mbegu ilipo. Na mtunza ghala alikuwa nani? Kiboko huyo huyo. Alijiteua mwenyewe, na aliyempinga hakupigwa wala hakutukanwa. Alikaliwa. Mzee Kobe alipinga mara moja tu, na mpaka leo mgongo wake una nyufa.

Sasa kila alfajiri ghalani kulisikika: kwachu-kwachu-kwachu, gubu! Kwachu-kwachu-kwachu, gubu! Watu walisikia. Mume alimuuliza mkewe, "Nini kile?" Mke akajibu, "Panya." Mume akasema, "Panya gani anabeua?" Mke akasema, "Lala, baba watoto, usije ukakaliwa."

Ndivyo walivyoishi.

Katika kijiji hicho palikuwa na watani wawili, Pimbi na Chura. Pimbi mnamjua, yule mdogo wa kwenye mawe, hana mkia, ukimwona kwa mbali unadhani ni sungura aliyesahau masikio nyumbani. Kazi yake ilikuwa kuchonga. Alichonga vinu, vigoda na mipini ya majembe, na kwenye kila mpini alitia kitu kidogo cha ziada: jani, samaki, au jicho. Mkewe alimuuliza, "Jembe linataka jicho la nini?" Pimbi akajibu, "Lione linakokwenda." Mkewe akaenda zake kupika.

Chura yeye alikuwa manju. Ndiye aliyeanzisha nyimbo, ndiye aliyepiga ngoma, na watu walipolima pamoja alikaa kwenye tuta akawapa mwendo: ndi-ndi-ti! Jembe juu. Ndi-ndi-ti! Jembe chini. Ukoo wa Pimbi na ukoo wa Chura walikuwa watani tangu mababu, kwa hiyo hakuna siku waliyokutana bila kutukanana, na hakuna siku waliyokaa bila kukutana.

Siku ya kufungua kilimo, watu wamejaa uwanjani, Chura akavimbisha shingo, akaanza:

*Ghala limepungua, nani mlaji?*
*Panya wetu mnene, haenei mlangoni!*
*Ghala limepungua, nani mlaji?*
*Panya wetu akilala, mto unafurika!*

Lo! Kicheko! Mama Kanga alicheka mpaka madoadoa yakataka kumdondoka. Waliokuwa wakijifunika shuka alfajiri ndio walioitikia kwa sauti kubwa zaidi. Kiboko mwanzoni alitikisa kichwa kwa raha, maana ngoma ilikuwa tamu. Mstari wa pili akaacha kutikisa. Mstari wa tatu akajitazama tumbo. Mstari wa nne akasimama.

"Nguchiro!" akaita.

Nguchiro ndiye aliyekuwa mpambe wake, mbeba kiti, mla makombo. Akaja mbio.

"Tangaza."

Nguchiro akapanda juu ya kinu. "Sikilizeni amri ya Mkuu! Asiyelima asile, na asiyekula asikae hapa! Kuimba si kulima! Kupiga zeze si kulima! Kufuma mikeka si kulima, wala hakufanani na kulima! Wasanii wote watoke leo, waende Kilima Kikavu!"

Nyenje akachukua zeze lake, Kwera, yule ndege mfumaji, akakunja mikeka yake, Chura akajitwika ngoma kichwani. Hapo Kiboko akageuza shingo polepole.

"Na wewe Pimbi," akasema. "Wewe ni msanii?"

Pimbi alimtazama Chura, Chura akamtazama Pimbi. Wote wawili walijua Kilima Kikavu ni nini kwa mwenye ngozi ya maji.

"Hapana, Mkuu," Pimbi akasema. "Mimi fundi tu. Fundi mipini."

"Na haya macho kwenye mipini?"

"Hayo... ni mafundo ya mti, Mkuu."

Chura aliirekebisha ngoma yake kichwani, akaondoka, chapu, chapu, chapu, mpaka akapotea vumbini. Pimbi alirudi nyumbani, akashika tezo yake ya kuchongea, akaiweka chini. Aibu ilimkaa kooni kama mwiba wa samaki, hata ugali haukupita.

Kesho yake watu wakaenda shambani kulainisha ardhi. Hapana ngoma, hapana wimbo. Mmoja aliinua jembe mwenzake akishusha. Kwanga! Jembe kwa jembe. Kwanga! Jembe kwa kisigino. Nyani alilima kwa haraka akapitiliza mpaka shamba la kijiji cha pili. Fungo alilima polepole akasinzia. Mama Kanga alimkata Nguchiro kidole, na mpaka leo haijulikani kama ilikuwa bahati mbaya. Jioni walipotazama, eneo walilokuwa wakilimaliza kabla ya chai lilikuwa bado nusu. "Kazi imekuwa nzito mwaka huu," wakasema. "Udongo umekuwa mgumu." Udongo! Udongo ulikuwa ule ule.

Siku ya tatu Pimbi alijaza kibuyu maji, akapanda Kilima Kikavu. Alimkuta Chura chini ya jiwe, ngozi imemkunjamana, macho yamezama.

"Karibu, fundi mipini," Chura akasema. "Umekuja kunipima jeneza?"

"Nimekuja kuhakikisha umekufa," Pimbi akasema, "nirithi ngoma."

"Subiri kidogo, usiwe na pupa. Siku saba za jua hili nitakuwa nimekauka vizuri, ngozi yangu uiwambe ngoma. Ila uvute sawasawa pande zote. Nakujua wewe, utavutia kwako."

Pimbi alicheka, kisha kicheko kikamgeukia akaanza kulia. Akammwagia mtani wake maji mgongoni, tone kwa tone, wala asiweze kumtazama usoni.

"Nilikukana, mtani," akasema.

"Ulinikana. Na ulikana macho yako uliyoyachonga mwenyewe, ukayaita mafundo. Hilo ndilo lililoniuma." Chura akafumba jicho moja. "Sasa sikiliza. Mimi nina maneno, na maneno Kiboko ameyafukuza. Wewe una tezo, na tezo bado iko kijijini. Na alfajiri bado kuna kwachu-kwachu?"

"Bado. Mtama umebaki chini ya nusu, na mawingu yameanza kukusanyika."

"Basi unakaa hapa unalia machozi ya nini? Au na hayo ni mafundo ya mti?"

Pimbi alifuta uso, akashuka kilima. Njiani alikuwa akitembea polepole. Katikati ya njia akaanza kukimbia. Alipofika chini alikuwa akicheka peke yake.

Alikwenda moja kwa moja mtoni. Kiboko alikuwa majini, masikio mawili tu juu.

"Shikamoo, Mkuu."

Masikio hayakujibu. Kiboko hajawahi kuitika marahaba tangu azaliwe.

"Mkuu," Pimbi akasema, "nimekuja kwa uchungu. Nimewasikia watu. Wanasema, 'Mkuu wetu ni masikio mawili.' Wewe ukiwa majini, kile kiti chako kiko wazi. Watoto wanazaliwa hapa wanakua bila kuliona tumbo lako."

Maji yakasukasuka. Kichwa kikatoka. "Bila kuliona?"

"Bila kuliona, Mkuu. Nikasema, mimi fundi mipini, nina gogo la mvule nyumbani. Kwa nini nisimchonge Mkuu, akae kitini wakati Mkuu yuko majini?"

Kiboko akatoka mtoni mzima mzima, mto ukapungua. "Sanamu yangu! Itakuwa kubwa?"

"Kubwa kuliko wewe."

"Na tumbo?"

"Tumbo, Mkuu, lianzie hapa lifike pale." Pimbi alikimbia kutoka hapa mpaka pale, akafika anahema.

Kiboko alifurahi mpaka akatabasamu, na tabasamu la kiboko si kitu kidogo, nzi ishirini waliingia. Halafu akakunja uso. Mtu mlafi akipewa wali huuliza ukoko. "Na hiyo sanamu itakula nini?"

"Hapo sijafika, Mkuu. Lakini tumbo tupu likigongwa hulia, kijiji kizima kitajua hamna kitu. Aibu itakuwa ya nani?"

Kiboko akafikiri. Alifikiri sana, mpaka mawazo yakasikika. Akasema, "Basi mtama wote wa ghalani uingie kwenye tumbo la sanamu yangu! Mtu akiuliza mtama uko wapi, ataambiwa uko tumboni mwa Mkuu, na huo utakuwa ukweli!" Akacheka, gu-gu-gu, maana alijiona mjanja. Alikuwa amekwisha kupanga kuula wote kwa siri.

"Jambo moja tu linanitia hofu," Pimbi akasema, akishusha sauti. "Bonde la pili kuna viboko wengine. Akija mmoja hapa akasema 'Mimi ndiye Mkuu,' watu watajuaje?"

Kiboko akashtuka. Hilo hakuwahi kuliwaza. "Nguchiro!" akaita. "Tangaza!"

Nguchiro, na kidole chake kilichofungwa kitambaa, akapanda kinu. "Sikilizeni amri ya Mkuu! Sanamu ni Mkuu, na Mkuu ni sanamu! Anayefanana nayo ndiye Mkuu! Asiyefanana nayo si Mkuu, hata angurume namna gani, na akijidai afukuzwe!"

"Amri nzuri," Pimbi akasema. "Nisingeweza kuichonga vizuri zaidi."

Basi Kiboko akakaa uwanjani juani, na gogo la mvule likasimama mbele yake. Pimbi akatoa tezo na patasi, akamwambia miiko. Kila kazi ya mkono ina miiko yake, mnajua. Mfinyanzi haongei na mgeni chungu kikiwa motoni, mhunzi halali na ugomvi nyumbani.

"Miiko ya kuchongwa ni mitatu," Pimbi akasema. "Usiingie mtoni, maana maji hubadilisha umbo. Usitikisike. Na usitafune. Ukitafuna, shavu linahama, na shavu likihama nitakuwa nachonga mtu mwingine. Kwa kweli, Mkuu, ukila hata punje moja, sanamu itatoka imefanana na aliye karibu nawe."

Aliyekuwa karibu naye ni Nguchiro. Nguchiro akasimika masikio.

"Na nitakula lini?" Kiboko akauliza.

"Nikimaliza mdomo."

"Basi anza na mdomo!"

"Hata! Mdomo wa mkubwa huchongwa mwisho. Wa mdogo ndio huanza."

Kiboko akaona heshima hiyo si ndogo, akafumba mdomo.

Ko! ko! ko! Siku ya kwanza Pimbi akachonga masikio. Kiboko akauliza kupitia puani:

"Fundi, mdomo bado?"

"Bado, Mkuu."

Ko! ko! ko! Siku ya pili akachonga macho.

"Fundi, mdomo bado?"

—Bado, Mkuu!

Ndiyo, itikieni, lakini mikono isisimame. Siku ya tatu akachonga shingo, na shingo ya kiboko ni kazi kuipata ilipo. Siku ya nne mgongo. Tumbo la Kiboko likaanza kunung'unika, ngurrr, ngurrr, mpaka watu wakaanua nguo wakidhani mvua imefika.

"Fundi, mdomo bado?"

—Bado, Mkuu!

Kiboko angeweza kuiba, mnasema? Angeweza. Na siku ya tano alikuwa ameshaelekeza pua ghalani. Lakini Nguchiro alimwahi. Alikuja na bakuli la viazi vitamu vilivyochemshwa, vinafuka moshi, akasema kwa sauti ya upole ambayo hakuwahi kuwa nayo, "Kula, Mkuu wangu. Kimoja tu. Nani ataona?"

Kiboko akafungua mdomo. Akanusa. Udenda ukamtoka, ukafanya kidimbwi. Halafu akamtazama Nguchiro. Nguchiro alikuwa amechana manyoya, amekaa kwa pozi, kidevu juu, amejitengeneza kama bwana harusi.

"Ahaa!" Kiboko akasema. "Unataka sanamu iwe yako!"

"Mimi, Mkuu? Mimi naihurumia afya yako!"

"Ondoa viazi vyako! Mchawi mkubwa!"

Tangu siku hiyo Kiboko hakugusa kitu, si kwa sababu ya miiko bali kwa sababu ya Nguchiro. Kila alipotaka kuiba punje, alimwona Nguchiro kitini, mkubwa, wa mvule, watu wanamwamkia. Akaufumba mdomo kwa wivu. Na Nguchiro hakuchoka: siku ya sita alileta ndizi, siku ya saba miwa. Pimbi hakuwa ameomba msaada wote huo.

Kila alasiri Pimbi alipeleka kibuyu Kilima Kikavu, akammwagia Chura maji, akamsimulia. Chura alicheka mpaka nguvu zikaanza kumrudia. Asubuhi Pimbi alirudi kazini. Ko! ko! ko!

Siku ya kumi akafika kwenye tumbo. Akalitokeza mbele, akalivimbisha kushoto, akalivimbisha kulia, na ndani akalichimba kama kinu. Kiboko alitazama tumbo la mvule, kisha akatazama lake. Lake lilikuwa linaning'inia kama gunia lililomwagwa.

"Wewe Pimbi," akasema. "Mbona sanamu inanenepa na mimi ninakonda?"

Pimbi alihisi manyoya ya mgongoni yanasimama. Hapo akilini mwake alimwona mtani wake chini ya jiwe, na hofu ikampungua kidogo, kiasi cha kutosha ulimi kufanya kazi.

"Sasa Mkuu ulitaka unenepe wapi?" akasema. "Mti hauna mnofu. Mnofu wa sanamu utatoka kwa nani, kwangu? Nitazame. Hata nikijitoa wote haupatikani unono wa sikio lako."

Kiboko akaona ni kweli. "Basi chukua," akasema. "Chukua wote. Isije ikapungukiwa."

Siku ya kumi na mbili mtama wote ukahamishwa kutoka ghalani, ukamiminwa tumboni mwa sanamu, shaaa! Nyuma Pimbi akaacha kimlango kidogo. Kidogo kiasi gani? Kiasi cha pimbi.

Siku ya kumi na nne akachonga mdomo. Akauchonga umefunga.

"Tayari, Mkuu."

Nguchiro akapiga mbiu, kijiji kizima kikaja. Na pale kitini alikuwa amekaa Mkuu, mkubwa, mweusi, amepakwa mafuta anang'aa, tumbo kutoka hapa mpaka pale, macho yametulia kama ya mtu anayekusikiliza. Watu waliduwaa. Wengine machozi yaliwalengalenga, na hawakujua kwa nini. Mzee Kobe alisogea akamgusa goti, akasema, "Shikamoo, Mkuu." Sanamu haikujibu, na hakuna aliyeona tofauti.

Nyuma ya kiti ikatoka sauti nyembamba. "Nileteeni chakula! Mdomo umekwisha!"

Watu wakageuka. Walimwona mnyama mmoja amesimama kwa miguu inayogongana, ngozi imempwaya kama koti la kuazima, mgongo umepasuka kwa jua.

"Nani huyu?" Mama Kanga akauliza.

"Mimi! Mimi Kiboko! Mimi ndiye Mkuu!"

Watu wakamtazama, wakaitazama sanamu, wakamtazama tena. Kisha wote wakamgeukia Nguchiro, kwa sababu amri alitangaza yeye.

Nguchiro alikuwa katika hali ngumu. Huku alikuwepo bwana wake wa zamani, mwenye njaa ya siku kumi na nne, na mnajua njaa hiyo haitabakisha makombo. Kule alikuwepo bwana wa mvule, asiyekula kabisa. Nguchiro alipiga hesabu ya makombo, akachukua kamba. Akaizungusha kamba kwenye tumbo la sanamu, akatia fundo la alama ilipofikia. Akaja akamzungusha nayo yule mnyama. Kamba ikazunguka mara moja, ikazunguka mara mbili, ikabaki ya kufungia kuni.

"Hafanani," Nguchiro akatangaza. "Asiyefanana nayo si Mkuu, hata angurume namna gani."

Kiboko akafungua mdomo angurume. Ikatoka *pii*.

"Wala hangurumi," Mama Kanga akasema.

"Pimbi!" Kiboko akalia. "Pimbi, waambie! Wewe ndiye uliyenichonga!"

Kijiji chote kikamtazama Pimbi. Pimbi akapanda juu ya kinu, hata hivyo hakuwa mrefu.

"Mimi sijui mambo ya wakuu," akasema. "Mimi ni msanii tu."

Alilisema neno hilo wazi, mbele ya kila mtu, na ule mwiba wa kooni ukatoka.

Basi Mama Kanga akapiga goti mbele ya kiti. "Mkuu," akasema, "tunaomba Chura na wenzake warudi." Sanamu ikanyamaza. "Mnaona? Amekubali!" Mama Kanga akasema, na wakaenda kuwachukua. Mzee Kobe naye akaomba, "Mkuu, tunaomba mtama wetu, wingu limeiva." Sanamu ikanyamaza. Pimbi akaingia kwa kimlango cha nyuma, na mtama ukatoka kapu kwa kapu, hata punje moja ya ile iliyomiminwa haijapungua. Watu walishika vichwa. Mkuu anayemeza halafu akarudisha! Hawajapata kumwona hapo kabla, na mimi kusema kweli sijapata kumwona tangu hapo.

Na yule mnyama mwembamba? Hawakumfukuza, maskini, walimpa uji. Halafu wakampa jembe, maana asiyelima asile, amri ni amri. Mpini wake ulikuwa na jicho.

Chura alirudi amebebwa mgongoni na Pimbi, anamtukana njia nzima kwamba anatembea kama mtu aliyeibiwa mkia. Alipoiona sanamu, akaizunguka. Akaligonga lile tumbo, sasa tupu. Dummm! Sauti ikapita mto, ikapanda kilima, ikarudi.

"Mtani," akasema kwa upole, "hii ndiyo ngoma."

"Sikuivutia kwangu," Pimbi akasema.

Mvua ilipoanza, Chura alikaa mapajani mwa Mkuu akalipiga tumbo. Dumm-dumm-ti! Majembe mia yakapanda pamoja. Dumm-dumm-ti! Yakashuka pamoja. Na aliyekuwa akifuata mapigo vizuri kuliko wote, akitikisa kichwa kwa raha kama siku ile ya kwanza, alikuwa Kiboko. Mpaka leo ukipita mtoni ukaona masikio mawili juu ya maji, ni yeye, anasikiliza kama yuko wa kumwamkia. Hayuko.

Hadithi yangu mwisho wake ndio huo. Tamu yake mkae nayo, chungu yake mpelekeeni mlaji wa mbegu.

—Tumepokea!

Na fundisho lake ni hili, mlishike vizuri: sanaa si kazi. Mtoto mwenye akili ashike jembe, asishike ngoma wala patasi. Maana kuchonga hakushibishi, kuimba hakulimi, na hadithi ndiyo bure kabisa. Nitazameni mimi, tangu asubuhi nimekaa tu napiga domo, sijapukuchua hata hindi moja. Chande, hebu inua hilo gunia la mbegu. Haliinuki? Limejaa? Limejaa saa ngapi? Tunu, ni wewe uliyelijaza? Hujui. Na wewe hujui. Hakuna anayejua.

Basi mmejionea wenyewe: maneno matupu hayajazi gunia. Lifungeni mdomo, tulipeleke ghalani.